Lev Yashin, kipa aliyejengwa na miezi isiyo na ligi

Ligi ya wilaya ikimalizika, nyavu hukunjwa, jezi hufuliwa na kila mchezaji hurudi kwenye shughuli zake. Mmoja anaingia shambani, mwingine anaendesha bodaboda, mwingine anakaa kijiweni akisubiri msimu mpya. Anayesahaulika zaidi ni kipa. Mshambuliaji utamwona jioni akichezea mpira na watoto wa jirani, lakini kipa asipokuwa na mtu wa kumpigia mashuti huona hana la kufanya. Miezi mitatu baadaye anarudi golini akiwa na kitambi na miguu mizito, na akifungwa bao la kwanza tu, kijiji kizima kinasema kijana ameisha.

Katika kipindi chetu cha michezo swali hili hurudi kila mwaka: kipa afanye nini wakati hakuna mechi? Leo tunalijibu kwa kupitia maisha ya mtu mmoja, Lev Yashin wa Umoja wa Kisovieti, kipa pekee wa kiume aliyewahi kushinda tuzo ya Ballon d'Or mpaka leo. Tumemchagua kwa sababu hakuanza akiwa hodari. Alichekwa, akawekwa benchi karibu miaka mitatu, na sehemu kubwa ya ukipa wake aliijenga wakati ligi ya soka imesimama.

Mtoto wa kiwandani

Yashin alizaliwa mjini Moscow tarehe 22 Oktoba 1929, katika familia ya wafanyakazi wa viwandani. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na baba yake akaoa tena. Mpira alijifunza uani pamoja na watoto wa mtaani kwao, na mwanzoni hakuwa na hamu ya kukaa golini. Alipenda kufunga, kama watoto wote.

Mwaka 1941 majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi yao. Viwanda vingi vya Moscow vilihamishiwa mashariki ili visitekwe, na kiwanda alichofanya kazi baba yake kilipelekwa karibu na mji wa Ulyanovsk, kando ya Mto Volga. Wanaume wengi walikuwa vitani, hivyo vijana wadogo walitakiwa kujaza nafasi zao. Akiwa na miaka 13 hivi, Yashin alikuwa tayari amesimama mbele ya mashine akitengeneza vyuma kwa ajili ya jeshi. Huko kiwandani ndiko alikozoea kuvuta sigara, tabia ambayo tutaizungumzia tena mwishoni kwa sababu ilimgharimu.

Familia ilirudi Moscow kabla vita havijaisha. Kijana aliendelea na kazi ya kiwandani mchana, na baada ya kazi akadakia timu ya kiwanda. Lakini miaka ya kuamka alfajiri, kusimama kutwa nzima na kula kidogo ilimchosha mwili na akili. Alipofika miaka 18 alielemewa kabisa. Aliacha kwenda kazini, akaondoka nyumbani, akawa mtu asiyeona maana ya kitu chochote. Kwa sheria za nchi yao wakati ule, kuacha kazi bila ruhusa lilikuwa kosa ambalo lingeweza kumfikisha mahakamani. Njia iliyomtoa hapo ilikuwa kujiunga na jeshi, na jeshini akarudi kwenye mpira. Kocha Arkady Chernyshev alimwona akidaka, akampeleka kwenye timu ya vijana ya klabu ya Dynamo Moscow. Huo ulikuwa mwaka 1949.

Tunaitaja sehemu hii kwa makusudi. Vijana wengi huanguka rohoni pale ratiba ya maisha inapokatika, na mchezaji naye anaweza kuanguka hivyo hivyo ligi ikiisha. Kilichomwinua Yashin kilikuwa kupata tena jambo la kufanya kila siku, pamoja na watu wa kulifanya nao.

Mwanzo mbaya

Mwaka 1950 Yashin alipandishwa timu kubwa. Kipa namba moja wa Dynamo alikuwa Alexei Khomich, nyota aliyejulikana kwa jina la utani la Chui Milia, na nyuma yake alikuwepo kipa mwingine mzoefu. Kijana alikuwa wa tatu.

Mapema mwaka huo, theluji ikiwa bado imefunika Moscow, timu ilikwenda kusini kwenye mwambao wa Bahari Nyeusi kujiandaa na msimu. Katika mechi ya kirafiki huko, kipa wa timu pinzani alipiga mpira mrefu kutoka golini kwake. Upepo ukausukuma. Yashin alitoka kuufuata, macho yakiwa juu, akagongana na beki wake mwenyewe, na mpira ukadunda ukaingia wavuni. Amefungwa na kipa mwenzake! Wakongwe wa Dynamo waliokuwa wakitazama walicheka.

Julai mwaka huo huo Khomich aliumia katika mechi ya ligi dhidi ya Spartak, watani wao wa jadi wa mji mmoja. Zilikuwa zimebaki kama dakika 15 na Dynamo walikuwa wakiongoza 1-0. Yashin aliingia, akatoka kuufuata mpira wa juu, akagongana tena na mwenzake, na Spartak wakasawazisha. Baada ya hapo alipewa nafasi kidogo, kisha akarudishwa kikosi cha akiba. Hakuonekana tena katika mechi za ligi za timu kubwa mpaka mwaka 1953.

Hebu tujiulize. Kijana wa miaka 20 aliyeharibu mara mbili mbele ya watu, kwa kosa lile lile, akaambiwa asubiri bila kujua atasubiri mpaka lini, wangapi kwetu wangebaki?

Majira ya baridi juu ya barafu

Kwa kawaida ligi ya Kisovieti ilianza wakati wa machipuko na kumalizika wakati wa vuli. Baada ya hapo baridi ilikuwa kali, viwanja vikafunikwa na theluji na maji yakaganda kuwa barafu ngumu. Kwa miezi mingi soka halikuchezeka Moscow. Klabu kubwa kama Dynamo zilikuwa na michezo mingi, na wachezaji kadhaa wa soka waligeukia mpira wa magongo wa barafuni. Vsevolod Bobrov, mshambuliaji maarufu wa zama hizo, alikuwa nyota wa michezo yote miwili. Chernyshev, yule aliyemgundua Yashin, alikuwa pia kocha wa magongo wa Dynamo. Akamweka Yashin golini huko pia.

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huo, wachezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini na kuteleza kwa kasi juu ya barafu. Hawachezi mpira wa duara. Wanapiga kwa magongo kisahani kidogo cha mpira mgumu, chenye uzito wa gramu 170 hivi, na kisahani hicho kinaruka kwa kasi ya kutisha. Goli lake lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Goli la soka lina mita 7.32 kwa 2.44. Kwa hiyo goli la magongo ni robo ya upana wa goli la soka na nusu ya kimo chake. Miaka hiyo makipa walisimama hapo bila kinyago usoni.

Sasa tazama kipa anavyojifunza hapo. Kwanza, macho. Aliyezoea kukifuata kisahani kidogo kinachopita katikati ya miguu ya watu kumi, akirudi kwenye soka mpira unaonekana mkubwa na wa polepole. Pili, miguu. Kipa wa magongo huinama magoti yakiwa yamekunjwa kwa muda mrefu, akisogea kushoto na kulia kwa hatua fupi, na mapaja na kiuno chake hupata nguvu kwelikweli. Tatu, pembe. Kipa wa magongo akibaki kwenye mstari, mpigaji anaona nafasi pande zote mbili. Akisogea mbele hatua mbili, mwili wake unaziba karibu goli lote. Nne, moyo. Aliyezoea kupigwa na kisahani kigumu haogopi tena kujitupa miguuni mwa mshambuliaji.

Yashin alidaka kwenye barafu kuanzia 1950 mpaka 1953. Mwaka 1953 Dynamo walitwaa kombe la nchi la mpira wa magongo yeye akiwa miongoni mwa makipa wao, na akaanza kufikiriwa kwa timu ya taifa ya mchezo huo. Mwaka huo huo nafasi ya kipa wa soka ilifunguka, na Dynamo wakachukua pia kombe la soka la nchi. Kijana aliyechekwa sasa alikuwa na makombe ya michezo miwili. Ilibidi achague mmoja, akachagua soka.

Kipa anayetoka golini

Aliporudi, wapinzani waliona kipa wa aina nyingine. Makipa wengi wa enzi zile walibaki mstarini wakisubiri mpira uwafikie. Yashin, mwenye urefu wa mita 1.89, alitoka. Alitoka kupangua krosi kwa ngumi, alitoka kumzuia mshambuliaji kabla hajapiga, wakati mwingine alitoka nje ya eneo la hatari na kuokoa kwa mguu au kichwa. Aliwapigia mabeki kelele na kuwapanga muda wote. Akidaka, hakupoteza muda. Aliurusha mpira kwa mkono kwa mwenzake aliye huru ili shambulizi lianze mara moja. Kwa sababu ya nguo zake za rangi nzito na mikono iliyofika kila mahali, mashabiki wa nchi mbalimbali walimwita buibui mweusi.

Angalia ajabu yake: kosa lililomwondoa kikosini mwaka 1950 lilikuwa kutoka golini. Angeweza kujiambia kuwa hatatoka tena. Badala yake aliufanya udhaifu ule kuwa kazi ya mazoezi, mpaka ukawa silaha yake kubwa kuliko zote.

Matunda yalifuata. Kuanzia 1954 alidakia timu ya taifa. Alishinda ubingwa wa ligi mara tano akiwa na Dynamo, katika miaka ya 1954, 1955, 1957, 1959 na 1963. Mwaka 1956 alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Melbourne, Australia. Mwaka 1960, mjini Paris, Umoja wa Kisovieti uliifunga Yugoslavia 2-1 katika muda wa nyongeza na kuwa bingwa wa kwanza wa Ulaya.

Chile, 1962

Kisha kikaja kipindi kigumu kuliko vyote. Katika Kombe la Dunia la 1962 nchini Chile, Umoja wa Kisovieti ulitoka sare ya 4-4 na Kolombia baada ya kuongoza, na bao mojawapo liliingia moja kwa moja kutoka kwenye kona. Katika robo fainali wakafungwa 2-1 na wenyeji Chile. Nyumbani watu hawakuziona mechi hizo kwenye televisheni. Walisoma na kusikiliza taarifa tu, na taarifa zilimtupia lawama kipa.

Aliporudi alizomewa viwanjani. Vioo vya madirisha ya nyumba yake vilivunjwa. Alikuwa na miaka 32, na wengi walisema astaafu. Mwenyewe alikaribia kukubali.

Klabu yake ilifanya jambo la busara. Haikumlazimisha kusimama golini huku watu wakimzomea. Ilimwacha apumzike. Yashin alikwenda mashambani kuvua samaki, kazi aliyoipenda maisha yake yote, akakaa kimya kando ya maji mpaka roho ikatulia. Kisha akarudi taratibu: mazoezi kwanza, mechi za kikosi cha akiba, halafu timu kubwa.

Hapa ndipo tunapowaomba makocha wetu watulie kidogo. Mapumziko ni sehemu ya mazoezi. Misuli hujijenga wakati mwili umetulia, na akili nayo ni hivyo hivyo. Asiyepumzika kabisa baada ya msimu huanza mwaka mpya akiwa na majeraha ya zamani. Tofauti kati ya Yashin na mchezaji anayekaa kijiweni ni kwamba mapumziko yake yalikuwa na mwisho, na baada yake kulikuwa na ngazi za kupanda.

Mwaka uliofuata ulikuwa bora kuliko yote. Katika ligi ya 1963 alicheza mechi 27 na kufungwa mabao 6 tu. Tarehe 23 Oktoba mwaka huo aliichezea timu ya nyota wa dunia dhidi ya Uingereza kwenye uwanja wa Wembley, London, kusherehekea miaka 100 ya chama cha soka cha Uingereza. Alicheza kipindi cha kwanza na hakufungwa hata bao moja. Alikuwa ametimiza miaka 34 siku moja kabla. Mwishoni mwa mwaka akatunukiwa Ballon d'Or. Mwaka 1966 akaisaidia nchi yake kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na alicheza mpaka 1970, akiwa na miaka 40. Mechi yake ya kuaga, tarehe 27 Mei 1971 mjini Moscow, ilitazamwa na watu wapatao 100,000. Bobby Charlton na Gerd Müller walikuwa miongoni mwa waliokuja kumuaga.

Deni la sigara

Hatutakuwa tumemweleza kwa haki tukiishia kwenye sifa. Yashin alivuta sigara tangu ujana na hakuacha, akisema zinamtuliza kabla ya mechi. Tumbo nalo lilimsumbua kwa miaka mingi kutokana na vidonda. Baada ya kustaafu, mishipa ya damu ya miguu iliharibika, na katika miaka ya 1980 akakatwa mguu mmoja. Mguu uliomrusha pembe mpaka pembe kwa miaka 20 ukaondolewa hospitalini. Saratani ya tumbo ikafuata. Alifariki tarehe 20 Machi 1990, akiwa na miaka 60, akiacha mjane, Valentina, na mabinti wawili.

Mazoezi yalimpa uwanja. Hayakuweza kulipa deni la sigara. Kijana anayevuta bangi au sigara akidhani mazoezi ya jioni yatafuta kila kitu, aikumbuke sehemu hii.

Kwa makipa wetu

Huku kwetu hakuna barafu, na haihitajiki. Tunachochukua kwa Yashin ni mpango. Mchezaji wa ndani hukimbia kilomita 10 au zaidi katika mechi, kipa takribani nusu ya hapo. Kazi ya kipa ni kuruka, kujitupa, kuinuka haraka na kukimbia mita chache kwa nguvu zote. Mazoezi yake yafanane na kazi yake. Wiki mbili hadi nne za kukaa bure zinatosha kuanza kupunguza pumzi, kwa hiyo usingoje barua ya ligi.

Wiki mbili za kwanza baada ya msimu, pumzika. Tembea, fanya kazi zako za nyumbani, tibu majeraha. Jembe linakupa nguvu ya mgongo na mikono, lakini halikufundishi kuruka, kwa hiyo lisikudanganye kuwa umeshafanya mazoezi.

Wiki ya tatu na ya nne, kimbia taratibu dakika 20 mpaka 30, mara tatu kwa wiki. Siku mbili nyingine chuchumaa na kuinuka, piga pushapu, jilaze kifudifudi ukijiinua kwa viwiko na vidole vya miguu mpaka tumbo likaze. Anza na kidogo, ongeza kila wiki.

Kuanzia wiki ya tano, panda kilima kifupi kwa kasi, mita 10 hadi 15, kisha shuka ukitembea. Ruka kushoto na kulia juu ya kamba iliyolazwa chini. Tafuta ukuta imara, simama hatua nne, urushe mpira mdogo ukiudaka kwa mkono mmoja, kisha mwingine. Mpira mdogo ndio kisahani chako: ukiuzoea, ule mkubwa utakuwa rahisi. Jifunze kujitupa kwenye mchanga au udongo uliolainishwa, kamwe si kwenye ardhi kavu yenye mawe. Ukipata mwenzako, mwambie arushe mipira ya juu, nawe utoke na kupaza sauti kabla ya kuudaka. Kugongana na beki wako mara nyingi huanzia kwenye ukimya.

Kila siku pasha misuli moto kwanza, kunywa maji, na acha siku ya mapumziko kati ya mazoezi mazito. Goti au bega likiuma kwa zaidi ya siku chache, nenda zahanati badala ya kulikanda na kuendelea.

Kwa makocha, ombi letu ni moja. Msimu mpya unapoanza, msimpime kipa kwa bao la kwanza analofungwa. Dynamo wangemfukuza yule kijana aliyefungwa na kipa mwenzake, dunia isingemjua Lev Yashin.